Baraza la mji mdogo linavyofanya kazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kuandika mihtasari ya vikao vya baraza. Kikao kikishafungwa, watu walinikuta mlangoni na maswali yao, na mengi yalikuwa maswali mazuri. Ubaya wake ni kwamba yalikuwa yamechelewa wiki tatu. Majibu haya nimeyaandika kwa wale ambao wiki hizo tatu bado wanazo. Sheria hutofautiana nchi na nchi, na kila baraza lina kanuni zake za kudumu. Ukikuta kanuni za kwenu zinasema tofauti na ninavyosema hapa, fuata kanuni.

Baraza na halmashauri si kitu kimoja?

Mtaani watu huyachanganya na hakuna anayeumia. Kwenye makaratasi ni vitu viwili. Halmashauri ni taasisi nzima: ofisi, watumishi, magari, akaunti za benki na madeni. Baraza ni madiwani wakiwa wamekaa kwenye kikao halali. Kikao kikiisha, baraza halipo mpaka liitwe tena.

Ndiyo maana diwani akiwa peke yake hana amri. Anaweza kuuliza, kufuatilia, kufikisha kilio chenu na kupiga kelele, ila hawezi kumwambia dereva wa greda ageuze aende mtaa fulani. Akimwambia na dereva akatii, mkaguzi wa hesabu atataka kujua mafuta yale yaliidhinishwa na nani.

Kati ya meya na mkurugenzi, nani mkubwa?

Inategemea mfumo. Kuna miji ambako meya huchaguliwa moja kwa moja na wananchi, huteua wakuu wa idara, na pengine anaweza kuukataa uamuzi wa baraza. Kuna mingine ambako meya ni diwani aliyepigiwa kura na wenzake: anaongoza vikao na kupokea wageni, lakini watumishi wote wako chini ya mkurugenzi.

Mfumo huu wa pili, wa mtendaji wa kuajiriwa chini ya baraza la kuchaguliwa, ulipata umaarufu Marekani baada ya mafuriko makubwa kuufunika mji wa Dayton, jimbo la Ohio, mwaka 1913. Wakati wa maafa watu waliona kwamba mji unahitaji mtu anayejua kuendesha mitambo na mahesabu, si kuhutubia tu, na mwaka 1914 Dayton ikaanza kazi na meneja wa kuajiriwa. Wazo lenyewe halikuwa geni. Mji mdogo wa Staunton, Virginia, ulikuwa na meneja wake tangu 1908.

Kanuni inayotajwa siku zote ni kwamba baraza huamua nini kifanyike na mkurugenzi huamua kifanyikeje. Mimi sijawahi kuuona mpaka huo ukiwa umenyooka. Shimo la barabarani ni suala la kiutendaji mwaka mzima, halafu uchaguzi ukikaribia linakuwa suala la kisera. Kwa mwananchi, njia rahisi ni hii: kitu kilichomo kwenye mpango lakini hakifanyiki, anzia idarani. Kitu ambacho hakimo kabisa kwenye mpango, anzia kwa diwani.

Mbona kila jambo linaonekana limeshaamuliwa kabla hatujafika kikaoni?

Kwa sababu mara nyingi limeshaamuliwa kweli. Hili ndilo swali nililoulizwa kuliko yote, na aliyeuliza kwa kawaida alidhani pana njama. Njama huwepo, sikatai, lakini sababu ya kila siku ni ya kawaida mno: jambo hupikwa kamatini, na kikao cha baraza ni siku ya kupakua.

Chukua mtaro unaofurika kila mvua ikinyesha. Wakazi wanalalamika kwa diwani wao, diwani anaandika barua, barua inagongwa muhuri na kupelekwa idara ya ujenzi. Fundi sanifu anakwenda kuangalia, anapima, anarudi na makadirio. Mkuu wa idara anayageuza makadirio kuwa andiko la kurasa mbili au tatu lenye historia ya tatizo, njia mbadala, gharama na, mwisho kabisa, aya fupi ya mapendekezo. Andiko linapita kwa wakuu wenzake, na hapo mhasibu anauliza fedha zinatoka kasma ipi, yaani fungu gani la bajeti. Fedha zisipopatikana, mtaro unalala hapo miezi. Zikipatikana, andiko linaingia kwenye kamati inayohusika na ujenzi, kisha kwenye kamati ya fedha, halafu ndipo linapandishwa barazani.

Kamatini wanakaa watu wachache. Mkuu wa idara yupo, anaulizwa, anabanwa, anarekebisha. Ni hapo diwani anaposema, "Mtaro huu ukiishia hapa, maji mtamhamishia nani?" na mchoro ukabadilika. Likifika barazani, jambo lina mapendekezo ya kamati mbili mgongoni. Mwenyekiti anauliza kama kuna mwenye hoja, mtu mmoja anaunga mkono, wanaoafiki wanasema ndiyo, na dakika nne zimetosha. Ukifika siku hiyo na picha za nyumba yako ikiwa majini, watakuhurumia kwa dhati, na hakuna atakayerudisha andiko nyuma, kwa kuwa kulirudisha ni kuanza safari upya na mwaka wa fedha unakwisha.

Kwa hiyo picha zako zipeleke idarani siku fundi anapopima. Ukikosa siku hiyo, mtafute mwenyekiti wa kamati kabla kamati haijakaa. Uliza swali moja tu: "Jambo hili liko mezani kwa nani sasa hivi?" Aliye nalo mezani ndiye anayeweza kulibadilisha.

Ajenda naipataje, na naisomaje?

Ubao wa matangazo, tovuti ya halmashauri, au ofisi ya karani wa baraza. Nchi nyingi huweka muda wa chini wa kuitangaza. Jimbo la California, kwa mfano, lina sheria ya vikao vya wazi tangu 1953, na kwa kikao cha kawaida inataka ajenda ibandikwe saa 72 kabla. Ukinyimwa ajenda, andika barua ya kuiomba, weka tarehe, na ubaki na nakala.

Ukishaipata, usisome vichwa vya habari, soma vitenzi. "Kupokea taarifa" maana yake ni kwamba imesikilizwa na imewekwa kwenye jalada. Hakuna aliyekubali wala kukataa chochote. "Kujadili" ni kujadili. "Kuridhia" na "kuidhinisha" ndiyo maneno yanayosogeza fedha na kubadilisha maisha ya watu. Nimewaona wananchi wakishangilia kwa sababu ripoti yao "imepokelewa". Iko jalada gani leo, sijui.

Kipengele kingine ambacho wageni hukiruka ni "Yatokanayo". Hapo watumishi wanatakiwa kueleza wamefikia wapi na maagizo ya kikao kilichopita. Ukitaka kulijua baraza linalofanya kazi, linganisha yatokanayo ya vikao vitatu mfululizo. Ukikuta sentensi ile ile, "utekelezaji unaendelea", mara tatu bila tarehe wala kiasi, jibu umelipata.

Naruhusiwa kuhudhuria? Naruhusiwa kusema?

Kuhudhuria, kwa kawaida ndiyo, maana vikao vya baraza zima huwa wazi. Kusema ni jambo jingine. Baadhi ya mabaraza hutenga muda wa maoni ya wananchi, mara nyingi dakika mbili tatu kwa kila mtu na kwa kujiandikisha mapema. Mengine hutaka upitie kwa diwani wako au kwa barua.

Ukipewa dakika tatu, ombi lako litangulie. "Naomba kipengele cha saba kirudishwe kamatini kwa sababu ramani ina kosa" ni sentensi moja inayoweza kuandikwa kwenye muhtasari. Salamu, shukrani na historia ya mtaa tangu ulipoanzishwa huwa zinamaliza muda kabla ombi halijafika. Nimewahi kuandika "Mwananchi alitoa maoni" nikakosa cha kuongeza. Wala usihesabu kunyamaza kwao kuwa dharau. Mabaraza mengi hayaruhusu madiwani kujibizana na wananchi papo hapo juu ya jambo ambalo halimo kwenye ajenda.

Akidi ni nini?

Idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwepo ili kikao kiwe halali. Pasipo akidi, mnachofanya ni mazungumzo. Kundi dogo linalojua litashindwa kwenye kura wakati mwingine hutoka ukumbini ili akidi ivunjike. Ni mbinu ya zamani, na inafanya kazi mara moja tu, kwa sababu kikao kitaitwa tena.

Kura zikilingana?

Tazama kanuni zenu. Mahali pengine hoja iliyopata kura sawa kwa sawa imeanguka. Kwingine, kama Uingereza, mwenyekiti hupewa kura ya pili ya kuamua.

Mwenyekiti anaweza kumtoa mtu nje? Na karani je?

Mwenyekiti analinda utaratibu: anatoa nafasi ya kusema, anazuia matusi, na kanuni humpa hatua za kupanda ngazi kwa ngazi mpaka kumwondoa mtu. Karani au katibu ni mshauri wa taratibu. Hapigi kura na hachukui upande.

Mwezi Desemba 2020 baraza dogo la Handforth, Uingereza, lilikutana kwa njia ya mtandao, ugomvi ukazuka kuhusu nani ana mamlaka ya kuongoza, na aliyekaimu ukarani akamwondoa mwenyekiti kwa kubonyeza kitufe. Video ilisambaa duniani Februari 2021 na watu wakacheka mpaka machozi. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulisema hakuwa na mamlaka rasmi ya kufanya vile, ingawa hali ilieleweka. Kwa sisi tuliowahi kukaa kwenye kile kiti, mguso ulikuwa mwingine: ndani ya ukumbi wa kawaida karani hana kitufe. Ana kitabu cha kanuni tu, na sauti ya chini ya kumnong'oneza mwenyekiti.

Kwa nini wakati mwingine wanatutoa nje wote?

Hicho ni kikao cha faragha, au baraza limejigeuza kamati. Sababu halali ni chache: nidhamu ya mtumishi anayetajwa kwa jina, kesi iliyoko mahakamani, au mazungumzo ya kununua ardhi ambayo bei yake ingepanda muuzaji akisikia kiwango ambacho baraza liko tayari kulipa. Mjadala unaweza kuwa siri. Uamuzi wenyewe hatimaye unatakiwa kuonekana kwenye kumbukumbu. Faragha inayotumika kwa mambo ya aibu tu haina msingi, na unaweza kuomba itajwe kanuni iliyotumika kuufunga mlango.

Diwani wetu ana kampuni ya ujenzi. Anaweza kupiga kura kuhusu zabuni?

Akiwa na maslahi kwenye zabuni hiyo, anatakiwa kuyatangaza kabla mjadala haujaanza, na kwa kawaida kutoka nje, si kubaki kimya kitini. Macho yanasema. Kutangaza maslahi si kukiri kosa, na ningependa wananchi wangeacha kuwazomea wanaotangaza, kwa sababu zomeazomea hiyo ndiyo inayowafunza wengine kuficha. Katika mji mdogo kila mtu ni shemeji wa mtu. La kuuliza ni kama undugu huo umeandikwa kwenye muhtasari.

Bajeti inapangwa lini, na sisi tunaingia wapi?

Mapema kuliko mnavyodhani. Siku baraza linapopitisha bajeti, magazeti huandika kana kwamba ndiyo siku iliyoamuliwa. Kumbe idara zilianza kuandaa makisio miezi mingi kabla, zikiwa zimepewa ukomo wa matumizi. Na sehemu kubwa ya fedha huwa imeshajipangia yenyewe: mishahara, madeni, umeme, mafuta, na ruzuku zilizokuja na masharti ya matumizi. Kinachobaki cha kubishania ni kipande kidogo, na kipande hicho hugawanywa kwenye kamati ya fedha.

Kuna mabaraza yaliyojaribu kuufungua mlango huo. Porto Alegre, Brazil, ilianza mwaka 1989 kuwaita wakazi wa kila eneo wapange vipaumbele vya miradi kabla bajeti haijaandikwa, na utaratibu huo ukaigwa na miji mingi duniani. Ulikuwa na nguvu kwa sababu watu waliulizwa wakati karatasi bado nyeupe. Mkutano wa maoni unaoitishwa wiki moja kabla ya kupitisha bajeti ni maonyesho, hata ukiwa na viti vya kutosha.

Jambo jingine la kufuatilia ni uhamisho wa fedha katikati ya mwaka. Mtaro wenu unaweza kupitishwa kwa makofi, kisha miezi minane baadaye fedha zake zikahamishiwa kasma nyingine kwa kipengele chenye maneno kama "marekebisho ya bajeti". Soma kiambatisho. Mradi hauuawi mchana.

Mji unaweza kufilisika?

Katika baadhi ya nchi, ndiyo, kisheria kabisa. Central Falls, mji mdogo wa Rhode Island nchini Marekani, uliomba kinga ya mufilisi mwaka 2011, na baadhi ya wastaafu wake, wakiwemo polisi na wazima moto, walikatwa pensheni kwa hadi asilimia 55. Ahadi za pensheni hutolewa kwenye kikao cha dakika kumi na hulipwa kwa miaka arobaini. Katika nchi nyingine halmashauri haifilisiki kwa jina, bali serikali kuu huleta msimamizi na madiwani hubaki na vyeo vyao bila kazi. Dalili ya mapema ni wazabuni wadogo wanaodai malipo ya muda mrefu. Hao wanajua hali ya hazina kabla ya mkaguzi.

Jirani anataka kujenga ghorofa. Tumekusanya saini mia moja. Zinatosha?

Saini mia moja zinaonyesha kwamba watu mia moja hawataki. Kamati ya mipango miji haiulizwi hilo. Inaulizwa kama jengo linakubaliana na mpango wa matumizi ya ardhi.

Uwezo wa mji mdogo kuwaambia wenye ardhi wajenge nini na wapi ulipiganiwa mahakamani. Kijiji cha Euclid, pembeni mwa Cleveland, kiligawa ardhi yake katika kanda za matumizi mwaka 1922. Kampuni iliyomiliki eneo kubwa pale ikakishtaki, na mwaka 1926 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakipa kijiji ushindi. Lakini mamlaka hiyo ina upande wa pili: baraza likishachora mpango, nalo linabanwa nao. Likikataa jengo linalofuata mpango kwa sababu tu ukumbi umejaa watu wenye hasira, litashtakiwa na pengine kulipa fidia.

Basi pingamizi lenu liongee lugha ya mpango. Idadi ya sakafu inayoruhusiwa ni ngapi? Magari yataegeshwa wapi? Maji ya paa yanakwenda kwa nani? Njia ya gari la zimamoto ina upana gani? Barua moja yenye maswali hayo manne huwasumbua wataalamu kuliko saini zote.

Sheria ndogo inatungwaje?

Baraza hutoa rasimu, huitangaza, hupokea maoni, huipitisha, na mara nyingi ngazi ya juu huidhinisha ndipo ianze kutumika. Ukitozwa faini kwa sheria ndogo, una haki ya kuuliza ilianza kutumika lini na nakala yake iko wapi. Haiwezi kupingana na sheria ya nchi.

Nani anawalinda walinzi?

Mkaguzi wa nje, ambaye hutoa hati safi, hati yenye shaka au mbaya zaidi. Hati safi maana yake hesabu zimeandikwa inavyotakiwa. Haisemi kwamba fedha zilitumika kwa busara, na tofauti hiyo madiwani huisahau kwenye hotuba.

Mwingine ni wewe. Mji wa Bell, karibu na Los Angeles, ulikuwa na wakazi wasiofika 40,000. Mwaka 2010 gazeti lilifichua kwamba meneja wake alikuwa akilipwa karibu dola 800,000 kwa mwaka, na madiwani kadhaa, kwa kazi isiyo ya kutwa nzima, karibu dola 100,000. Meneja alihukumiwa kifungo cha miaka 12 mwaka 2014. Kinachonirudia kila mara kwenye habari hiyo ni kura ya mwaka 2005, ile iliyoubadilisha mji kisheria na kuondoa ukomo wa malipo ya madiwani. Ilifanyika hadharani. Wapiga kura waliojitokeza hawakufika 400.

Naweza kuona nyaraka za halmashauri?

Nyingi, ndiyo. Sweden iliweka haki hiyo kwenye sheria mwaka 1766, na nchi nyingi zimeifuata, baadhi kwa kusitasita. Omba waraka mahususi: "Naomba nakala ya andiko la kamati ya ujenzi kuhusu mtaro, la mwezi wa tatu." Ukiomba "taarifa zote kuhusu barabara", utajibiwa kwamba ombi ni pana.

Muhtasari hauna maneno aliyosema diwani wetu. Umechakachuliwa?

Si lazima. Muhtasari si kaseti. Unarekodi hoja, nani aliitoa, nani aliunga mkono, na nini kiliamuliwa. Kosa lenye uzito ni uamuzi ulioandikwa tofauti, na nafasi ya kulirekebisha ni kikao kinachofuata, kabla muhtasari haujathibitishwa. Ukishasainiwa, kuubadilisha ni kazi kubwa.

Na "Mengineyo" pale mwishoni ni nini?

Kipengele cha mambo madogo: taarifa za misiba, mwaliko wa sherehe, kumbusho la tarehe. Uamuzi wa fedha haupaswi kupitia hapo, kwa kuwa haukutangazwa na hakuna aliyeusoma. Nakumbuka kikao kimoja, saa moja usiku, wananchi wote wameshaondoka, mtu akasimama kwenye Mengineyo na "kijambo kidogo tu" kuhusu kiwanja. Mwenyekiti alinitazama, mimi nikatazama kanuni. Kijambo kikarudishwa kuanzia kamatini, na kilipotokea tena, wiki sita baadaye, safu mbili za nyuma zilikuwa zimejaa watu.